Uandike fantasia katika ulimwengu wa nani? Kampuni, mashabiki, chama au wazee

Nahodha wangu aliuawa katika ukurasa wa tatu. Nilikuwa nimeishi naye miezi minane, nikampa kikohozi, deni la nyavu na mke asiyemwamini. Halafu Jumamosi moja hapa Kisumu mwenzangu akafungua daftari, akasoma sura yake mpya, na mtu wangu akazama kwa sentensi moja fupi. Wenzetu wakapiga makofi. Sura ilikuwa nzuri, na hilo nilikuja kulikubali wiki mbili baadaye, nilipopoa.

Sisi ni watu watano tunaoandika ulimwengu mmoja: nchi ambayo ziwa lake huamka usiku likahama, na vijiji vikalazimika kulifuata, mitumbwi mabegani. Kila mtu ana hadithi zake, lakini ramani ni moja, miungu ni ileile, na bei ya samaki haibadiliki ukitoka hadithi ya huyu kwenda ya yule. Huo ndio ulimwengu wa pamoja: mahali pa kubuni panapoandikwa na mikono mingi.

Juzi kijana mmoja wa Nakuru alinipigia simu. Ana hadithi ya fantasia inayohusu mvuke wa Menengai, lile shimo la volkeno la kwao, ameandika sura sita, na hajui aende nazo wapi. "Mwalimu," akaniambia (mimi si mwalimu wa mtu, ila ukiwa na mvi watu hukupa cheo bila kukuuliza), "nianzishe ulimwengu na wenzangu, niingie katika ulimwengu wa ng'ambo ulio na wasomaji tayari, au nichukue masimulizi ya wazee niyageuze?" Nilimjibu ovyo, nikiwa ndani ya matatu Kondele, kondakta akipiga kelele sikioni. Haya ndiyo ningemwambia kama ningekuwa nimeketi.

Kipimo changu ni kimoja, na nilikipata kwa kumlilia nahodha. Kabla hujaupenda ulimwengu wowote, uliza ni nani ana ruhusa ya kumuua mhusika wako. Halafu uliza ni nani ana ruhusa ya kumfufua. Pesa na wasomaji tutazungumzia, lakini baada ya hayo mawili.

Ulimwengu wa kampuni

Huu ndio vijana huutamani kwanza, kwa sababu ndio wanaouona madukani. Mfano ulio wazi ni zile dunia zilizozaliwa na Dungeons & Dragons, mchezo ambao watu huketi mezani wakasimuliana na kurusha dadu. Kampuni ya TSR ya Marekani iliona kwamba wanaocheza ndani ya Dragonlance, mojawapo ya dunia hizo, wangependa pia kuisoma, na mwaka 1984 riwaya ya kwanza ya Margaret Weis na Tracy Hickman ikatoka. Forgotten Realms nao ulianza kama ulimwengu wa mtu mmoja, Ed Greenwood wa Kanada, aliyekuwa ameubuni tangu utotoni. TSR ilipoununua katika miaka ya 1980, waandishi wengine wakafunguliwa mlango. R. A. Salvatore aliingia mwaka 1988 na kitabu ambacho mmoja wa wahusika wake, Drizzt, hakukusudiwa hata kuwa shujaa mkuu. Wasomaji wakamchagua wenyewe, na vitabu vyake vikafuatana kwa miongo.

Faida zake hazifichiki. Unakuta ramani imechorwa, mhariri anakungoja, na wasomaji wanaojua tayari mji gani una wezi na mlima gani una joka. Unalipwa, na mara nyingi sehemu ya malipo hutangulia.

Sasa lete kipimo. Nani anaweza kumuua mhusika wako? Kampuni. Nani anaweza kumfufua? Kampuni hiyohiyo, au kampuni itakayoinunua. TSR yenyewe ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na ulimwengu wote ukahamia kwa mwenye nyumba mpya pamoja na wapangaji wake. Mwaka 2020 Weis na Hickman, watu walewale walioandika riwaya ya kwanza ya Dragonlance, walilazimika kwenda mahakamani Marekani wakidai kwamba kampuni imesimamisha mfululizo wao mpya kinyume cha makubaliano. Kesi iliondolewa mwishoni mwa mwaka huohuo, na kitabu cha kwanza cha mfululizo kikatoka mwaka 2022. Mambo yaliisha vizuri. Lakini waliotia pumzi katika ulimwengu ule walikuwa wakibisha hodi kwenye mlango walioutengeneza kwa mikono yao.

Mfano wa pili si fantasia halisi, ila una wachawi wenye panga, kwa hiyo niruhusuni. Mwaka 2014 wenye Star Wars walitangaza kwamba riwaya zote za nyuma zilizopanua hadithi ya filamu zimetolewa kwenye historia rasmi. Sasa zitaitwa Legends, yaani masimulizi tu. Wahusika waliokuwa wamezaa na kuzeeka vitabuni wakageuka uvumi kwa tangazo moja. Hawakuuawa. Walifanywa wasiwahi kuwepo, jambo ambalo kwangu ni baya kuliko kuzama.

Kwa mwandishi aliye Kisumu au Kakamega kuna mambo mawili zaidi. La kwanza, mlango ni mwembamba: dunia hizi huandikwa kwa mwaliko, kwa Kiingereza, na hadithi uliyoituma mwenyewe bila kuitwa haifunguliwi. La pili ni sheria ya nyumbani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema kazi uliyoagizwa kuifanya huhesabika kuwa hakimiliki yake imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wengi hudhani ni Wamarekani tu wanaofanya hivyo. Hata mchapishaji wa hapahapa mjini akikwambia "niandikie hadithi moja katika ulimwengu wetu", usiposema neno kwenye mkataba, umeshampa. Soma mkataba. Usipouelewa, lipa wakili saa moja. Ni nafuu kuliko majuto.

Kulikuwa na njia ya katikati: Amazon ilianzisha Kindle Worlds mwaka 2013, ambapo shabiki angeweza kuandika katika ulimwengu ulioruhusiwa, akauza na kugawana mapato na wenyewe. Ilifungwa mwaka 2018. Walioandika huko walibaki na hadithi ambazo wasingeweza kuziuza mahali pengine zikiwa na majina yaleyale.

Ulimwengu wa mashabiki

Hapa hualikwi na hulipwi. Unampenda mhusika wa mtu, unamwandikia hadithi yako, unaiweka mtandaoni bure. Nyumba kubwa ya kazi hizi ni Archive of Our Own, iliyofunguliwa mwaka 2009 na shirika lisilo la faida lililoanzishwa miaka miwili kabla yake. Mwaka 2019 ikapewa tuzo ya Hugo, mojawapo ya tuzo kubwa za bunilizi za sayansi na fantasia. Waliokuwa wakiziita hadithi za mashabiki kazi za watoto walipungua sauti kidogo mwaka huo.

Kwa kipimo cha nahodha, hii ndiyo njia yenye uhuru wa ajabu kuliko zote. Unaweza kumuua mfalme asubuhi na kumwoza jioni. Mwingine naye atamfufua kesho, na wote wawili mko sawa, kwa kuwa kila hadithi ni tawi lake na shina halitikisiki. Hakuna anayeweza kukuharibia, na wewe huwezi kumharibia mtu.

Tatizo ni kwamba hakuna kilicho chako. Sheria yetu inampa mwenye kazi haki ya kudhibiti utoholezi, yaani kuigeuza kazi yake kuwa kazi nyingine, na hata tafsiri, kwa hiyo ukimhamishia yule mchawi kijana Kondele na kumpa Kiswahili kizuri, bado umeazima. Wenye kazi wengi hufumba macho maadamu huuzi. Kufumba macho si ruhusa. Siku utakayotaka kuchapisha itabidi ubadilishe majina, miji na uchawi wote, na nimeona kazi za namna hiyo: ni kama matatu iliyopakwa rangi mpya, ukikaa ndani unaijua kwa mlio wa injini.

Hata hivyo siidharau. Miaka yangu miwili ya kuandika huko ndiyo iliyonifundisha mazungumzo, maana usipotumia kurasa tano kueleza sura ya mhusika, kilichobaki ni kumfanya aseme. Wasomaji wake wanajibu usiku huohuo, na hawana adabu, jambo ambalo ni zuri. Hasara kwetu ni kwamba Archive inapokea kazi za lugha yoyote, lakini wanaosoma Kiswahili humo ni wachache mno. Niliweka hadithi ya Kiswahili nikapata maoni mawili, moja likiwa la mtu aliyetaka kujua ni lugha gani hiyo.

Kuna na hizi za leseni huria, nizipite upesi. SCP Foundation, ulimwengu wa vitu vya kutisha vilivyofungiwa mabohari, umejengwa na mamia ya watu chini ya leseni ya Creative Commons inayokuruhusu hata kuuza kazi yako, mradi utaje ulikotoa na uiache hadithi yako wazi vilevile kwa wengine. Yaani jirani naye anaweza kuiuza. Na tangu Januari 2023 kanuni za msingi za Dungeons & Dragons nazo ziko chini ya leseni ya aina hiyo, iliyo nyepesi zaidi, baada ya wachezaji kugomea mpango wa kuwabana. Angalia vizuri lakini: zilizofunguliwa ni kanuni na viumbe kadhaa. Miji ya Forgotten Realms na wakazi wake haimo. Ukipenda kutisha watu, SCP inakufaa. Kwa hadithi ya Menengai sioni inaingiaje.

Ulimwengu wa chama

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo nilipo na ndipo nilipoumia.

Watu wa kwetu hawahitaji kufundishwa chama. Mama zetu wamenunua masufuria, ng'ombe na viwanja kwa kuchangishana, na wanajua kwamba kinachoua chama si umaskini. Ni kutoandika kilichokubaliwa siku ambayo wote bado wanacheka. Ulimwengu wa pamoja wa marafiki ni chama kinachochanga mawazo badala ya shilingi.

Walioutia mtindo huu kwenye ramani ya fantasia ni Robert Asprin na Lynn Abbey, kwa mfululizo wa Thieves' World ulioanza mwaka 1979. Waliwaita waandishi waliokuwa tayari na majina, akiwemo Poul Anderson, John Brunner na Marion Zimmer Bradley, wakawapa mji mmoja mchafu uitwao Sanctuary. Kila mmoja alete mtu wake, na kila mmoja aruhusiwe kuwatumia watu wa wengine. Kanuni yao kubwa ndiyo ningependa kuibandika ukutani kwetu: unaweza kumtumia mhusika wa mwenzako, lakini usimuue wala usimgeuze tabia bila ruhusa ya aliyemzaa. Vitabu kumi na viwili vya hadithi vilitoka mpaka mwaka 1989. Muongo mzima, waandishi wenye majivuno yao, mji mmoja.

Karibu na kwetu zaidi kuna Sauúti. Ukilisoma jina unalitambua: ni neno letu, sauti, lililovalishwa nguo za ugenini. Ni ulimwengu uliobuniwa na kundi la waandishi wa Afrika na wenye asili ya Afrika, sayari tano na majua mawili, na uchawi wake unatoka katika sauti yenyewe: wimbo, ngoma, tamko. Mkusanyiko wao wa kwanza, Mothersound, ulihaririwa na Wole Talabi wa Nigeria ukatoka mwaka 2023. Ninachokipenda kwao ni kwamba walikubaliana kwanza uchawi unafanyaje kazi na unagharimu nini, kabla hawajagawana hadithi. Sisi tulianza na hadithi, tukaja kugundua kwamba katika kazi ya mmoja wetu mganga anaweza kuliamuru ziwa lisimame, na katika yangu hakuna awezaye. Ikiwa kuna anayeweza kulisimamisha ziwa, basi watu wote wanaohama katika hadithi zangu ni wajinga tu. Tulibishana juu ya hilo majuma matatu.

(Waandishi wa Sauúti wanaandika kwa Kiingereza. Jina la Kiswahili, hadithi za Kiingereza. Silalamiki, nasema tu kwamba nafasi ipo.)

Baada ya msiba wa nahodha tuliandika katiba, ukurasa mmoja kwa mkono. Naieleza hapa si kwa sababu ni bora, ila kwa sababu kila kifungu kina kovu lake.

Mhusika ana mzazi. Unaweza kumwazima, kumtia deni, kumpiga, hata kumfunga jela sura mbili. Kumuua, kumwoza au kumbadilisha dini, unapeleka posa kwa mzazi wake, na mzazi hujibu kwa maandishi. Hatukubali tena "nilidhani hutajali".

Daftari ni moja. Lina ramani, majina, miaka, bei, na orodha ya waliokufa. Lisiloandikwa daftarini halikutokea. Mtunzaji hubadilika kila miezi sita, kwa kuwa tuligundua kwamba anayeshika kalamu kwa muda mrefu huanza kuota kwamba ulimwengu ni wake.

Kugeuza ramani kunahitaji watatu kati ya watano. Kifungu hiki kilitokana na mtu kuongeza mlima usiku, kisha hadithi zetu mbili zikawa zinapita katikati ya mwamba.

Hakimiliki ya hadithi ni ya aliyeiandika. Majina ya mahali, ziwa na miungu kila mmoja wetu anaweza kuyatumia na kuyauza bila kuomba, mradi ataje ulimwengu ni wetu sote. Anayeondoka huondoka na watu wake, lakini ramani huiacha. Hapa ndipo penye uzito wa kisheria na watu wengi hupapita: nchini Kenya hakimiliki hudumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mwandishi, na kazi iliyoandikwa pamoja bila kugawanyika huhesabiwa kuanzia kifo cha wa mwisho. Maana yake watoto wenu watarithi mabishano yenu. Basi yamalizeni. Ulinzi wenyewe hauhitaji usajili, lakini Bodi ya Hakimiliki ya Kenya hupokea usajili, na cheti hicho ni ushahidi mzuri ndugu wakigombana.

Kuna pia kifungu kisichoandikwa, cha chai. Asiyefika bila taarifa analipia mandazi ya Jumamosi ijayo. Hicho ndicho pekee kisichowahi kuvunjwa.

Na hadithi zikipingana? Si lazima kuzipatanisha zote. Ndani ya Thieves' World kuna msimulizi, mzee Hakiem, anayeishi kwa kuuza hadithi, na hilo linampa msomaji ruhusa ya kushuku. Sisi tunasema: mmoja wao alidanganya. Mtoto wa Asembo na mtoto wa Seme wanaweza kusimuliwa kisa kimoja kwa namna mbili, na wote wakalala salama.

Faida ya chama ambayo sikuitarajia ni lugha. Ukiandika katika ulimwengu wa kampuni unakuta majina yamekwisha kutolewa, nawe ni mtafsiri wa ndoto za watu. Sisi tulilazimika kuamua yule mnyama mkubwa wa ziwani aitwe nani. Mmoja akasema joka, lakini joka lilitukaa vibaya mdomoni: likaleta mabawa, moto na hazina ya dhahabu, vitu ambavyo ziwa letu halina. Tukamfikiria Omieri, chatu wa Nyakach, ambaye watu humhusisha na mvua na mavuno. Kiumbe mkubwa ambaye akionekana watu hufurahi badala ya kukimbilia mikuki! Jioni ile ulimwengu wetu uliacha kufanana na ule wa filamu.

Ulimwengu wa wazee

Na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba kuna ulimwengu wa pamoja wa zamani kuliko TSR, na tumekaa juu yake.

Simbi Nyaima, karibu na Kendu Bay, ni ziwa dogo la volkeno ambalo unaweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa, nasema kwa kutia chumvi kidogo. Masimulizi yanasema palikuwa na kijiji. Bikizee akaja usiku watu wakiwa kwenye sherehe, akaomba hifadhi, wakamfukuza, maji yakawafunika. Nyamgondho wa Gwassi alivua bikizee ziwani, akamwoa, akatajirika kwa mifugo, akamtukana akiwa amelewa, na bikizee akarudi ziwani huku mifugo yote ikimfuata. Weka visa hivyo viwili pamoja. Huoni kwamba ni bikizee mmoja? Hakuna mzee aliyeniambia hivyo. Lakini hakuna aliyenikataza, na huo ndio utamu wa ulimwengu huu.

Lwanda Magere ndiye mfano wangu wa mwisho kwa kipimo cha nahodha. Shujaa wa Waluo wa Kano ambaye mwili wake ulikuwa jiwe na mikuki ya Wanandi ikapinda juu yake, mpaka wakampa mke kutoka kwao, na mke akagundua kwamba uhai wake uko kivulini. Mkuki ukapigwa kivulini, akaanguka, akawa jiwe. Jiwe huonyeshwa mpaka leo huko Kano, na wawindaji walinoa mikuki juu yake. Nani anaweza kumuua Lwanda Magere? Ameshauawa. Nani anaweza kumfufua? Wewe, ukitaka, lakini hakuna msomaji wa huku atakayekuamini. Katika ulimwengu wa wazee kifo ndicho kitu pekee kisichogeuzwa. Mengine yote hugeuka ukivuka mto. Nilimsikia mtu wa Nandi akieleza kisa hiki katika matatu ya Kapsabet, na kwake kilikuwa hadithi ya jasusi: mwanamke aliyetumwa peke yake kuolewa na adui asiyeuawa, akarudi na siri. Kwetu huyo mwanamke hata jina hatumpi. Hapo kuna riwaya nzima, na ninamgawia yeyote atakayeiwahi.

Upande wa Waluhya kuna Mwambu na Sela, mwanamume na mwanamke wa kwanza katika masimulizi ya Wabukusu, na kuna jiwe la Ilesi linalolia kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Na Nakuru kuna Menengai yenyewe, ambako mvuke husemwa kuwa ni roho za wapiganaji wa Kimaasai walioangushwa shimoni katika vita vya wao kwa wao vya karne ya 19.

Ni bure? Hapa watu hukosea kwa kusema "ngano haina mwenyewe". Tangu mwaka 2016 Kenya ina sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayotambua haki za jamii juu ya ngano, nyimbo na alama zao, na ukitaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake inataka ridhaa ya jamii. Sijasikia mwandishi wa riwaya aliyeburutwa kortini kwa kumwandika Lwanda Magere. Ila adabu ilikuwepo kabla ya sheria: nenda uulize, sikiliza toleo la jirani pia, na usimvunjie heshima mfu mwenye wajukuu hai. Pia kilichosimuliwa ni cha jamii, lakini kitabu cha mtu aliyekisimulia ni chake. Ukinakili mazungumzo ya mwandishi aliyetutangulia, hujachukua kwa wazee, umemwibia mwandishi.

Wakikaa meza moja

Pesa: kampuni hulipa, mashabiki hawalipi, na chama na wazee hulipa utakapouza wewe mwenyewe, kwa hiyo usiache kazi. Wasomaji: kampuni na mashabiki wanao tayari, chama huanza na watano, ambao ni waandishi, wazee wanao wasomaji wasiojua bado kwamba ni wasomaji, kwa kuwa kisa wanakijua na wangependa kusikia umekiharibuje. Kasi: mashabiki usiku mmoja, chama miezi. Lugha: mbili za kwanza zitakuvuta kwenye Kiingereza, mbili za mwisho zitakurudisha.

Upweke nao uhesabiwe. Ukiandika na wazee uko peke yako na mawe. Ukiandika na chama una watu wanne wa kukwambia sura yako inachosha, na hakuna mhariri wa kampuni atakayekwambia hivyo huku akikumenyea chungwa.

Kwa yule kijana wa Nakuru jibu langu ni hili. Sura zako sita zisiende kwa kampuni. Hawakukuita, na Menengai haimo kwenye ramani yao. Kama bado mazungumzo yanakushinda, andika hadithi nne au tano za mashabiki kwa jina la bandia, bila aibu, kisha uache. Shimo lenyewe lichukue kwa wazee, lakini wasikilize Wapurko na wenye kumbukumbu za Walaikipia, zile pande mbili za Wamaasai waliopigana, kwa sababu aliyesukuma na aliyeanguka hawasimulii mvuke uleule. Chama kifuate baadaye, watu wasiozidi watano, na sheria ya uchawi iandikwe kabla ya hadithi. Ungekuwa na haraka ya pesa ningekwambia vingine, pengine ningekwambia uandike hotuba za harusi, maana zinalipa.

Nahodha? Mwenzangu aliyemzamisha alileta posa iliyochelewa, barua ya nusu ukurasa. Nilikataa afufuliwe, ameshaandikwa daftarini kwenye orodha ya waliokufa, na mkewe ameanza kunipendeza akiwa mjane. Tuliafikiana kwamba kivuli chake kimebaki mtumbwini. Ziwa likihama, kivuli hubaki mahali lilipokuwa, juu ya matope makavu, kikipiga kasia. Jumamosi ijayo ni zamu yangu kusoma, na mandazi ni juu yangu, kwa kuwa wiki iliyopita sikufika.